Joto la mchanga na watoto wa ng'amba wa Qatar

Na Mwandishi Wetu, Doha

Wasomaji wetu walioko Doha wanaujua ufuo wa Fuwairit, kaskazini mwa Qatar, mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Ukienda kati ya Aprili na mwanzoni mwa Agosti utaukuta umefungwa. Nasi tuligeuzwa njiani, na kwa mara moja hatukulalamika. Waliopewa nafasi ni ng'amba, kasa wenye mdomo kama wa mwewe, ambao hupanda ufuoni usiku kutaga.

Mradi wa kuwalinda ulianza 2003, ukikutanisha mamlaka ya mazingira, watafiti wa Chuo Kikuu cha Qatar na kampuni ya mafuta ya taifa. Viota huhesabiwa, na mayai yaliyo mahali pa hatari huhamishiwa penye usalama.

Hapo ndipo penye mtihani. Jinsia ya kasa huamuliwa na joto la mchanga. Kwenye nyuzi 29 hivi hutoka mchanganyiko. Mchanga ukipoa hutoka madume, ukipata moto hutoka majike, na ukizidi mno mayai huharibika. Anayehamisha kiota, basi, huenda anachagua jinsia bila kujua. Na kitoto cha kasa hakitambuliki kwa macho kama ni dume au jike.

Kikishaingia baharini hupotea miaka kadhaa. Inakadiriwa kuwa mmoja tu kati ya elfu hufikia utu uzima, tena baada ya miaka 20 au zaidi. Piga hesabu, msomaji: walioanguliwa 2003 ndio kwanza wanafikia umri wa kuzaa.

Kati ya 2010 na 2013 watafiti waliwafunga majike 90 wa Qatar, Iran, Oman na Emirates vyombo vya setilaiti. Ilionekana kwamba joto la Ghuba likipanda, wengi huyahama maji ya kina kifupi, wakarudi baada ya miezi miwili mitatu. Tunawaelewa. Nani asiyeikimbia Doha mwezi Julai akipata nauli?

Mayai hayawezi kuhama. Hata kwetu Mafia, ambako tangu 2001 shirika la Sea Sense na wanavijiji wanalinda viota, vilivyo hatarini huhamishwa. Tungependa kuona kipimajoto ndani ya kila kiota kinachohamishwa, Mafia na Fuwairit.