Mashini ya kushusha watu haingojewe mpaka ivunjike

Watu wa Kipushi wanajua jambo moja: kama uko metre 1.150 chini ya udongo, haurudi nyumbani kwa miguu. Unatumainia kaje, kamba ya chuma na mashini iko kule juu. Leo tunaongea juu ya zile mashini za zamani, na juu ya nini haifai kungojea zivunjike.

Tuanze mbali, ku London, Uingereza. Kule treni inapita chini ya udongo, na watu wanashuka kwa ngazi yenye kutembea yenyewe. Ku gare ya King's Cross ngazi moja ilikuwa ya mbao, imefanya kazi karibu miaka 50. Kila siku ilibeba watu salama. Lakini chini ya vikanyagio kulijaa mafuta, vumbi na makaratasi, haikusafishwa yote muzuri. Magaribi ya 18 Novemba 1987, kiberiti chenye moto kikaangukia mule. Watu 31 walikufa. Kisha pale ngazi za mbao ziliondolewa moja moja. Ya mwisho ilitoka mwaka 2014.

Turudi kwetu. Mine ya Kipushi, karibu kilometre 30 na Lubumbashi, ilianza kazi mwaka 1924, ikasimama mwaka 1993. Shimo ya 5, yenye kupita metre 1.200, ilibaki kutegemea pompi. Mwaka 2011 pompi zikakatala, maji ikapanda mpaka karibu metre 860 tu kutoka juu. Kuitoa ilikamata miaka. Kisha mashini ya kushusha watu ikatengenezwa upya. Ile ya kupandisha mawe nayo ikapata kamba mpya na masanduku mapya. Mwaka 2024 zinki ikaanza kutoka tena. Mashini ya zamani inaweza kurudilia kazi, lakini inaomba feza na wakati.

Kamba ya chuma haikatike mara moja. Inaanza na nyuzi moja, na kutu ya ndani yenye macho haione. Ndiyo maana inaangaliwa kila siku na inabadilishwa kwa wakati wake, hata kama inaonekana ingali muzuri. Tena kaje inapashwa kutembea bure kwanza, mbele ya watu kuingia.

Wababa, kama munasikia sauti mpya ao kaje inarukaruka, museme mbele ya kuingia, si kisha. Code du travail ya 2002 inaomba kuwe komite ya usalama na usafi ku kazi: neno lenu lifike pale. Na siku kaje inasimama juu ya kutengenezwa, tusinung'unike kwa masaa yenye kupotea. Bukari ikipoa ku nyumba, wamama watapika ingine. Mtu, hapana.