Ndakala ao sangala: nani anamujenga mutoto zaidi?

Ku soko za Kalemie, sangala mukubwa anapewa heshima, ndakala wanaitwa chakula cha masikini. Kwa bei ni kweli. Kwa mwili wa mutoto, hesabu inageuka.

Protini haina tofauti kubwa. Katika gramu 100 za samaki mubichi, mudogo ao mukubwa, tunapata karibu gramu 15 mpaka 20. Mafuta ndiyo kwa kawaida yanaongezeka kadiri samaki wa aina moja anavyokua, na maji yanapunguka. Ndiyo sababu mukebuka mukubwa ananona kuliko mudogo.

Tofauti yenyewe iko ku sahani. Sangala tunakula nyama, mifupa tunatupa. Ndakala, hata akikomaa, ana urefu wa karibu sentimita 10 tu, na tunamukula muzima: kichwa, macho, maini, mifupa. Kalisiamu inakaa ndani ya mifupa. Vitamini A iko zaidi ndani ya macho na maini. Kwa hiyo, kwa uzito sawa, samaki mudogo anayeliwa muzima anaweza kutoa kalisiamu mara 10 na zaidi kuliko nyama tupu ya samaki mukubwa. Chuma na zinki pia zinazidi.

Tunawashauri wanamemba wa koperative hivi:

1. Musikate vichwa. Twangeni ndakala wakavu wazima, chekecheni unga, tieni kijiko kimoja ndani ya uji wa mutoto aliyetimiza miezi 6.

2. Anikeni ku vitanda vya juu, si ku muchanga. Jua linaharibu sehemu kubwa ya vitamini A, lakini kalisiamu na chuma zinabaki. Mupike ndakala na sombe na mawese mekundu: mawese yanarudisha vitamini A, na samaki anasaidia mwili kupokea chuma cha majani.

3. Samaki mudogo si mutoto wa samaki mukubwa. Ndakala anazaa mbele ya kutimiza miaka miwili. Mutoto wa sangala anayevuliwa kwa chandarua cha mbu hajazaa hata mara moja, ziwa linapoteza.

Wakati wa kugawa mavuno, mbele magunia hayajapakiwa, kila jamaa iweke fungu lake kwanza. Sangala auzwe, ndakala kidogo wabaki ku nyungu ya nyumbani.