Kompyuta na Mshale wa Wakati (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia kwa Konrad Zuse, mhandisi wa Ujerumani aliyekamilisha kompyuta yake ya Z3 mjini Berlin mwaka 1941, na ambaye mwaka 1969 alichapisha kitabu kidogo kilichopendekeza kwamba ulimwengu wenyewe ni kompyuta. Wazo hilo halikufa naye. Edward Fredkin alilikuza huko Marekani, na mwaka 2002 Stephen Wolfram alilitolea kitabu chenye kurasa zaidi ya elfu moja. Wanaolishika wana jibu fupi kwa swali la wakati: wakati ni hatua za hesabu. Hali ya ulimwengu iliyopo inaingia katika kanuni, kanuni inatoa hali inayofuata, na kule kufuatana ndiko tunakokuita kupita kwa wakati. Jibu hili linavutia, kwa kuwa linachukua fumbo kongwe na kulikabidhi kwa chombo ambacho sisi wenyewe tumekiunda na tunakijua ndani na nje. Hata hivyo naona limegeuza mambo. Hesabu haiupi wakati mwelekeo. Mwelekeo wa wakati unatoka kwingine kabisa, na huo ndio unaoifanya kompyuta ionekane kwamba inakwenda mbele.

Tuanze na sheria za fizikia zenyewe. Filamu ya mwezi ukiizunguka dunia ikionyeshwa kinyumenyume, hakuna sheria ya Newton itakayovunjwa. Mwezi utazunguka upande mwingine, lakini kwa mwendo halali kabisa. Ndivyo ilivyo kwa milinganyo ya Maxwell ya umeme na sumaku, na kwa mlinganyo wa Schrödinger unaotawala atomu. Ipo tofauti moja ambayo haifai kufichwa: mwaka 1964 James Cronin, Val Fitch na wenzao walichunguza kuoza kwa chembe ziitwazo kaoni, na matokeo yao yakaashiria kwamba nguvu hafifu ya kiini cha atomu huutofautisha mwendo wa mbele na wa nyuma. Lakini athari hiyo ni ndogo mno, na hujitokeza katika chembe ambazo hazina nafasi yoyote katika kupoa kwa chuma cha moto au kuzeeka kwa mwili. Mshale tunaouona kila siku, ule unaofanya moshi utawanyike na usikusanyike tena, hautoki huko.

Unatoka kwenye joto. Rudolf Clausius alipolibuni jina la entropia mwaka 1865, alilitumia kwa kipimo ambacho katika mfumo uliofungwa hakipungui, na huko kutopungua ndiko kunakoitwa sheria ya pili ya joto. Ludwig Boltzmann, huko Austria, alijaribu mwaka 1872 kuithibitisha sheria hiyo kutokana na mwendo wa molekuli peke yake. Miaka minne baadaye mwenzake Josef Loschmidt alimwekea pingamizi ambalo hadi leo halijapoteza makali: ukizigeuza kasi za molekuli zote kwa mkupuo mmoja, gesi iliyotawanyika itarudi ilikotoka, na kila molekuli itakuwa imetii sheria zilezile. Basi mshale umetoka wapi, ikiwa sheria haziujui? Boltzmann alijibu mwaka 1877 kwa kuhesabu. Njia ambazo molekuli zinaweza kupangika zikiwa zimetawanyika chumba kizima ni nyingi kupita kiasi, na zile za kukaa zote pembe moja ni chache mno. Kwa hiyo mfumo ulioanza katika hali adimu utaelekea katika hali za kawaida, bila kusukumwa na sheria yoyote ya siri. Msomaji aliangalie vizuri neno “ulioanza”, maana tutalirudia.

Kompyuta iliingia katika mjadala huu kupitia mlango usiotarajiwa. Mwaka 1867 James Clerk Maxwell, katika barua kwa rafiki yake Peter Tait, aliwaza kiumbe mdogo anayelinda kijidirisha kati ya vyumba viwili vya gesi. Anazipisha molekuli zenye kasi upande mmoja na za polepole upande wa pili, mpaka chumba kimoja kinapata moto na kingine kinapoa bila kazi yoyote kufanywa. Pepo huyo, maana ndivyo alivyokuja kuitwa, angeushinda mshale wa joto kwa kutumia ujuzi tu. Mwaka 1929 Leo Szilard aliipunguza picha hiyo hadi molekuli moja katika sanduku lenye kizuizi katikati. Ukijua molekuli iko kushoto au kulia, unaweza kupata kazi kutokana na joto la mazingira. Ujuzi huo ni jibu la swali moja la ndiyo au hapana, yaani kile ambacho leo tunakiita biti. Szilard aliamini kwamba sheria ya pili inaokolewa na gharama ya kupima, na kwa miongo mitatu hivi wengi walikubaliana naye.

Walikosea mahali pa kuiweka gharama. Mwaka 1961 Rolf Landauer, mwanafizikia mzaliwa wa Stuttgart aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM, alitazama kile ambacho kompyuta hukifanya na kuuliza ni hatua ipi hasa inayolazimika kutoa joto. Chukua lango la mantiki ambalo hutoa 1 pale tu ambapo biti zote mbili zinazoingia ni 1. Likitoa 0, huwezi kujua ni ipi kati ya jozi tatu iliyoingia, kwa sababu historia yake imepotea. Wachezaji wa bao wanaijua hali hii: anayefika mchezo ukiwa katikati anaona kete zilivyokaa mashimoni, lakini mpangilio huo ungeweza kufikiwa kwa njia zaidi ya moja, na ubao hausemi ni ipi. Landauer alionyesha kwamba kila biti inayofutwa namna hii hulazimika kuacha nje kiasi fulani cha joto. Katika joto la kawaida la chumba, kima cha chini ni takriban jouli 3 zilizogawanywa kwa 1 inayofuatwa na sufuri 21. Ni kiasi kidogo mno, na transista za leo hutumia nishati nyingi zaidi kuliko hapo, lakini hakuna ufundi utakaokishusha kima hicho hadi sufuri maadamu biti inafutwa.

Sehemu ya pili ya ugunduzi huo ndiyo inayogusa hoja yangu, na nasikitika kwamba mara nyingi husimuliwa harakaharaka. Mwaka 1973 Charles Bennett, naye wa IBM, alithibitisha kwamba hesabu yoyote ile inaweza kufanywa bila kufuta chochote. Mashine inatunza kumbukumbu ya kila hatua, inanakili jibu, kisha inarudi nyuma hatua kwa hatua na kuisafisha kumbukumbu hiyo kwa kuitengua. Fredkin na Tommaso Toffoli walieleza mwaka 1982 malango ya mantiki ambayo kila kitokacho kinatambulisha kilichoingia, na malango hayo yanatosha kujenga kompyuta kamili. Kwa hiyo kuhesabu, kama kuhesabu tu, hakuna gharama ya lazima ya joto. Gharama iko katika kufuta. Hapo ndipo Bennett, mwaka 1982, alipommaliza pepo wa Maxwell: anaweza kupima bure, lakini kumbukumbu yake ina mwisho, na siku atakapoisafisha ili aendelee na kazi atalipa joto lote alilolikwepa.

Hili halikubaki kwenye karatasi. Mwaka 2012 Antoine Bérut na wenzake mjini Lyon, Ufaransa, walichukua ushanga wa kioo wenye kipenyo cha mikromita 2 hivi, wakauzamisha katika maji na kuushika kwa mwanga wa leza ndani ya mabonde mawili ya nishati, moja likisimama kwa 0 na jingine kwa 1. Kisha waliifuta biti hiyo kwa kuulazimisha ushanga uishie bonde moja, popote ulipokuwa umeanzia, na wakapima joto lililotoka. Kadiri walivyofuta polepole zaidi ndivyo joto lilivyopungua, likikikaribia kima cha Landauer.

Sasa tumrudie Zuse. Kompyuta ya Bennett, isiyofuta chochote, ikiendeshwa kinyume bado ni kompyuta halali inayofuata kanuni halali. Mtazamaji akionyeshwa mfululizo wa hali zake hawezi kusema ni mwisho upi uliotangulia. Mfululizo unatoa mpangilio: hali hii iko kati ya ile na ile. Hautoi mwelekeo, kama vile nambari kati ya 1 na 10 zisivyosema zihesabiwe kutoka upande gani. Anayesema wakati ni hatua za hesabu ametupa mpangilio, na huo tayari ulikuwamo katika milinganyo ya Newton. Mwelekeo hutokea pale kompyuta inapofuta, na kufuta kunawezekana tu kwa sababu mazingira yako tayari kupokea joto, yaani kwa sababu mshale wa Boltzmann umekwisha kuwapo.

Ndivyo ilivyo hata kwa kumbukumbu zetu. Swali la kwa nini tunaikumbuka jana na si kesho linaonekana la kitoto, lakini Hans Reichenbach alilishughulikia kwa uzito katika kitabu kilichotoka mwaka 1956, baada ya kifo chake. Ili kitu chochote kiweke kumbukumbu, iwe diski ya kompyuta, mwamba wenye visukuku au ubongo, lazima kwanza kiwe katika hali inayojulikana, tayari kuandikwa. Hali hiyo ya utayari ni hali ya entropia ndogo, na kila tukio linaloandikwa huitumia. Kumbukumbu zinaelekea upande ule ambako entropia ilikuwa ndogo, na upande huo ndio tunaouita uliopita.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito kuliko yote, ni hili: labda kanuni ya kompyuta ya ulimwengu ni ya aina ile inayosahau. Zipo kanuni za namna hiyo. Mchezo wa Maisha uliobuniwa na John Conway una hali nyingi ambazo huzaa mtoto mmoja, wala haurudishiki. Kama ulimwengu uko hivyo, mshale umo katika kanuni yenyewe na hoja yangu imeanguka. Lakini ushahidi tulionao unaelekea kwingine. Mekanika ya kwanta, ambayo imejaribiwa kuliko karibu nadharia nyingine yoyote, huhifadhi habari yote ya mfumo uliofungwa. Stephen Hawking alipodai mwaka 1976 kwamba mashimo meusi huipoteza, dai hilo lilionekana kuwa janga, na mwaka 2004 yeye mwenyewe aliliacha. Fredkin naye alisisitiza kanuni zinazorudishika. Tena, kanuni inayosahau huziunganisha hali nyingi kuwa chache, kwa hiyo baada ya muda uwezekano hupungua. Sheria ya pili inasema mfumo huingia katika eneo la uwezekano mwingi zaidi. Mshale wa kanuni inayosahau ungeelekeza upande usiofanana na ule tunaoutafuta.

Lipo pia tatizo la saa. Kompyuta inayotajwa ingepiga hatua kwa ulimwengu wote mara moja, lakini tangu mwaka 1905 Einstein alituonyesha kwamba hakuna “sasa” moja inayokubaliwa na watazamaji wote. Si suala la nadharia tupu: saa za setilaiti za GPS hutangulia zile za ardhini kwa takriban mikrosekunde 38 kwa siku, na zisiporekebishwa ramani za simu zetu zingepotea kwa kilomita kadhaa kila siku. Wolfram analijua hili na amejaribu kuiondoa saa ya pamoja ili abaki na mtandao wa sababu na matokeo. Juhudi hiyo naiheshimu, lakini mtandao wa sababu nao husomeka kutoka pande mbili mpaka pawe na kitu kingine cha kuuelekeza.

Wapo wanaopinga kutoka upande mwingine. John Norton, mwanafalsafa wa sayansi wa Pittsburgh, amedai pamoja na John Earman kwamba hoja ya Landauer ni ya mzunguko: inaikubali sheria ya pili mwanzoni, kisha inajisifu kwamba imeiokoa. Naona wana haki juu ya pepo. Anayetaka kuithibitisha sheria ya pili hawezi kuianzia. Ila mimi siitumii kanuni ya Landauer kuithibitisha sheria hiyo. Naitumia kuonyesha ni nani anayemtegemea nani, na mzunguko walioufichua unanisaidia: kompyuta haiwezi kuelezwa bila kuuazima mshale wa joto. Tim Maudlin naye, katika kitabu cha mwaka 2007, anashikilia kwamba kupita kwa wakati ni jambo la msingi lisilohitaji kuelezwa kwa kingine. Huenda akawa sahihi. Lakini akiwa sahihi, hesabu bado si chanzo cha wakati, bali ni mojawapo ya mambo yanayotukia ndani yake.

Kinachobaki ni lile neno “ulioanza”. Hesabu ya Boltzmann, ikitumiwa kwa uaminifu kuelekea nyuma, inasema kwamba entropia ya jana nayo ilipaswa kuwa kubwa kuliko ya leo, jambo ambalo ni uongo dhahiri. Ili kuliziba pengo hilo inabidi kukubali kwamba ulimwengu ulianza katika hali ya entropia ndogo ajabu, dhana ambayo David Albert aliifafanua kwa kirefu mwaka 2000 na kuiita dhana ya uliopita. Roger Penrose amejaribu kupima uadimu wa hali hiyo, akapata nafasi moja katika idadi ambayo tarakimu zake zenyewe ni nyingi kuliko atomu zote za ulimwengu tunaouona. Hakuna programu, iwe ya kurudishika au ya kusahau, inayotuambia kwa nini data yake ya kuanzia iwe hiyo na si nyingine. Sehemu ya tatu itaanzia hapo, kwa kuangalia nafasi ya nguvu ya uvutano katika hesabu ya Penrose na iwapo hali adimu kiasi hicho inadai maelezo au inapaswa kupokelewa kama ilivyo.