Kulungu wa jimbo la jirani: leseni kwanza, bunduki baadaye

MKAZI wa mashariki ya Marekani anayetaka kwenda magharibi kwa mara ya kwanza kuwinda kulungu-nyumbu huingia katika soko lisilo na mapatano ya bei. Serikali ya jimbo ndiyo inayopanga idadi ya leseni na ndiyo inayopanga ada. Waombaji wakizidi leseni zilizopo, kura huamua. Kwa mwenye fedha za kuhesabu, kulielewa soko hilo hutangulia ununuzi wa hema na darubini.

Mnyama huyo amepewa jina la nyumbu kwa sababu ya masikio yake marefu, yanayofanana na ya nyumbu wa kubeba mizigo, si yule wa Serengeti. Huishi Wyoming, Colorado, Utah, Nevada, Montana na majimbo mengine ya magharibi.

Mgeni hulipa zaidi

Mwaka 1976, mkazi wa Montana aliweza kununua leseni ya elki kwa dola 9. Mgeni kutoka jimbo jingine alilazimika kununua leseni ya mchanganyiko kwa dola 225. Wageni walikwenda mahakamani, na mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kuwa tofauti hiyo haivunji katiba. Tangu hapo majimbo yameendelea kuwatoza wageni ada kubwa bila wasiwasi wa kisheria.

Chukua mfano wa Wyoming. Mwaka 2024 leseni ya kawaida ya kulungu kwa mgeni ilikuwa dola 374, pamoja na dola 15 za maombi ambazo hazirudishwi. Jumla dola 389. Ilikuwapo pia leseni ya bei maalumu ya dola 1,200, au dola 1,215 pamoja na maombi. Leseni hizo mbili humruhusu mwindaji kuua mnyama yule yule katika eneo lile lile. Anayelipa zaidi hununua foleni fupi tu, kwa kuwa bei ikipanda waombaji hupungua. Tofauti ya dola 826 ni fedha ambazo zingelipia petroli na chakula.

Pointi: akiba isiyouzika

Anayekosa leseni Wyoming anaweza kununua pointi ya upendeleo, iliyokuwa dola 41 kwa kulungu mwaka huo. Sehemu kubwa ya leseni, asilimia 75, huwaendea wenye pointi nyingi zaidi. Asilimia 25 hupigiwa kura bila kujali pointi. Mtu akinunua kwa miaka mitano, ametoa dola 205 kabla ya kuona hata kwato.

Msomaji aliyezoea hisa aangalie hapa. Pointi haiuzwi, hairithiwi na haitoi gawio. Asiyeomba wala kununua kwa miaka miwili mfululizo huzipoteza zote. Thamani yake nayo hushuka: kila mwaka wanaonunua pointi ni wengi kuliko wanaozitumia, kwa hiyo eneo lililohitaji pointi tatu jana huhitaji tano kesho. Anayeanza leo akilenga eneo lenye sifa kubwa anaweza kukimbiza mstari unaosogea mbele yake.

Kwa sababu hiyo, safari ya kwanza ya bei nafuu ifanyike katika eneo lenye waombaji wachache, hata kama pembe za kulungu wake ni ndogo. Idara za wanyamapori hutoa takwimu za kura za miaka iliyopita, nazo husomwa kama jedwali la bei za soko.

Wanaoomba kwa kundi wajue kanuni kwanza. Wyoming hutafuta wastani wa pointi za kundi. Colorado hutumia za yule mwenye chache kuliko wote. Rafiki asiye na pointi hupunguza nguvu ya kundi Wyoming, lakini Colorado huishusha hadi sifuri. Kalenda nayo ni ngumu: Colorado hufunga maombi mapema Aprili, Wyoming hufunga ya kulungu mwanzoni mwa Juni. New Mexico hudai ada yote wakati wa kuomba na kumrudishia aliyekosa, hivyo fedha hulala kwa muda.

Pa kubana na pa kutobana

Nafuu kubwa ni ardhi ya umma. Karibu nusu ya Wyoming na takribani asilimia 80 ya Nevada ni mali ya serikali kuu, na sehemu kubwa yake huwindwa na kupigiwa hema bila kodi. Tofauti na mtalii anayewinda Tanzania, ambaye hulazimika kuwa na mwindaji bingwa, mgeni wa huku anaweza kuwinda peke yake. Watatu wakichangia gari moja, petroli inakuwa theluthi kwa kila mmoja.

Lakini kuna mtego. Wyoming humkataza mgeni kuwinda wanyama wakubwa katika maeneo ya nyika yaliyotengwa na serikali kuu bila kiongozi mwenye leseni au mkazi mwenye kibali cha kumsindikiza. Asiyeisoma ramani vizuri hununua leseni halafu akajikuta sehemu nzuri imefungwa kwake.

Nyama nayo ina kanuni. Ugonjwa wa kudhoofu wa kulungu, uliogunduliwa kwanza Colorado mwaka 1967, umefanya majimbo mengi kukataza kuingiza ubongo na uti wa mgongo. Tenga fedha za barafu na za bucha, au jifunze kutoa mifupa mwenyewe porini.

Hasara isiyo na bima

Baridi kali ya 2022 hadi 2023 iliua karibu watoto wote wa kulungu waliokuwa wakifuatiliwa kwa kola magharibi ya Wyoming, na leseni za wageni katika maeneo hayo zikapunguzwa. Aliyekuwa ameweka pointi zake kwa ajili ya kundi hilo aliona bidhaa ikipungua huku foleni ikibaki ile ile.

Kwa hiyo gawa bajeti sehemu tatu: leseni, safari na nyama. Weka tarehe za maombi kwenye daftari tangu Januari, na chagua jimbo la pili endapo la kwanza litakukosesha. Mali bila daftari hupotea bila habari.