Mkono wa Gia Uliolegea

Mtu aliyeteremka Ngomo kwa gari, akitoka Nyangezi kwenda Kamanyola, hawezi kuisahau njia ile. Upande mmoja pana ukuta wa mlima, upande wa pili korongo, na chini kabisa bonde la Ruzizi laonekana kama mkeka uliotandikwa uani. Siku moja ya mvua tuliteremka huko katika Land Rover kuukuu. Nyuma aliketi mama aliyejifungua hospitali, na mtoto wake wa siku nne kifuani. Tulikuwa tukiwarudisha kwao bondeni.

Kabla ya kona kali dereva alitaka kuitoa gia ya tatu na kuingiza ya pili. Aliuvuta mkono wa gia, nao ukaja bila kukuta kitu, mfano wa mwiko katika chungu kitupu. Ya tatu ilikuwa imekwisha kutoka, ya pili haikuingia. Gari likabaki bila gia, likaanza kukimbia. Dereva akakanyaga breki. Zikashika kidogo, kisha harufu ya kuungua ikapanda. Ndipo alipolisugua gari ubavu kwenye mwamba wa mlima, mpaka likasimama. Mama yule akauliza, «Mwalimu, tumefika?» Sikuwa na jibu la haraka.

Tulipofika mjini kila mtu alikuwa na hukumu yake. Wengi walisema sanduku la gia limekufa, na mfanyabiashara mmoja alikuwa tayari kutuuzia jingine lililokwisha kutumika, kwa bei iliyopita mshahara wangu wa miezi mingi. Nilikuwa karibu kukubali. Lakini mzee mmoja fundi alitutazama, akasema, «Mwalimu, kabla hamjamzika, hebu kwanza tuangalie kama kweli amekufa.»

Yafaa kusema neno juu ya gari lenyewe. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa watu katika mji wa Amsterdam mwaka 1948. Baada ya vita chuma cha pua kilikuwa haba katika Uingereza, kwa hiyo mwili wake ulifanywa kwa madini mepesi ya alumini. Wabelgiji nao walizitengeneza kwa ruhusa ya Waingereza, katika kiwanda cha Minerva, ila zao zilikuwa na mwili wa chuma. Gari letu lilikuwa la namna ya pili, lile liitwalo IIA, lililotengenezwa tangu mwaka 1961 hata 1971. Lina gia nne za mbele na moja ya nyuma, na kisanduku cha pili ambacho huzigawa kila moja kuwa ya kasi na ya nguvu.

Katika gari hilo gia ya tatu na ya nne zina kifaa cha kusawazisha mwendo wa magurudumu yenye meno. Ya kwanza na ya pili hazina. Basi anayeteremka akitaka ya pili, hana budi kukanyaga klachi, kutoa gia, kuiachia klachi, kuongeza mafuta kidogo, kisha kukanyaga tena na kuingiza. Nafasi ni fupi sana. Mkono wa gia ukiwa umelegea, nafasi hiyo humponyoka dereva akiwa angali anautafuta mlango. Wala asitegemee breki peke yake: ni za ngoma katika magurudumu yote manne, na ngoma zikipata moto mwingi nguvu zake hupungua. Katika mteremko mrefu injini ndiyo inayopaswa kulizuia gari, nayo yaweza kulizuia iwapo tu gia imeingia.

Sasa, mkono wa gia, ambao mafundi wa kwetu huuita levye, si kitu kingine ila wenzo ule tunaoufundisha shuleni. Karibu na mwisho wake wa chini pana tufe la chuma lililokaa katika kikombe na kushikwa kwa springi. Ncha iliyo chini ya tufe hutumbukia kati ya vyuma vitatu: kimoja cha gia ya kwanza na ya pili, kimoja cha tatu na nne, kimoja cha gia ya nyuma. Kila chuma kina pengo, na ncha huchagua pengo mojawapo na kulisukuma. Wanafunzi watulie hapa, maana hii ni hesabu yao. Tuseme sehemu ya juu ya tufe ni sentimeta 50, na ya chini ni sentimeta 10. Ncha ikilika milimeta 2 tu, kichwa anachoshika dereva kitacheza milimeta 10. Na tufe lenyewe nalo likilika, mkono hutembea huku na huku hata dereva hajui yuko wapi.

Mzee yule alitufundisha namna ya kupambanua. Gia ikiwa imeingia na kukaa imara, huku mkono ukitikisika tu, ugonjwa uko katika mkono. Lakini gia ikiruka yenyewe wakati wa kuteremka, yafaa kushuku vilivyomo ndani ya sanduku. Gia yetu haikuruka hata mara moja.

Akafungua mabamba ya sakafu, akazitoa boliti, akauinua mkono pamoja na kikombe chake. Kisha, kabla ya kufanya lolote jingine, alifunika tundu kwa kitambaa safi, kwa sababu nati moja ikianguka mle ndani yaweza kuvunja meno ya gia. Tukaona ncha. Ilitakiwa kuwa ya mviringo. Yetu ilikuwa imekuwa bapa pande mbili, kama ulimi wa mbuzi.

Hakuwa na kitabu cha vipimo. Alikata kipande cha bati, akakipunguza kidogo kidogo mpaka kikaenea barabara katika pengo mahali pasipolika, na hicho kikawa kipimo chake. Akaondoa springi isije ikaharibiwa na moto, akachomelea chuma kipya juu ya ncha kwa tabaka nyembamba, akaiacha ipoe yenyewe. Kijana wake alileta ndoo ya maji, naye akamkemea, kwa kuwa chuma kikipozwa ghafula chaweza kuwa kikavu na kuvunjika. Baadaye akaufunga mkono katika jiriwa, akapiga tupa karibu saa mbili, akijaribu kila mara. Ncha nene mno hubana katika pengo. Nyembamba mno hurudisha ugonjwa uleule.

Kazi haikuishia hapo. Pana pini iingiayo katika mfuo wa tufe ili mkono usizunguke. Yetu ilikuwa imelegea, naye akaikaza. Akapaka grisi. Kwa dereva alikuwa na neno moja: asiendeshe akiwa ameulaza mkono wake juu ya kichwa cha gia, kwani uzito huo hula vyuma vya ndani. Dereva alinyamaza. Tabia hiyo alikuwa nayo, nami nilikuwa nikiiona kila siku nikidhani ni ustadi.

Tulilipa malipo ya kazi ya siku moja na ya fimbo chache za kuchomelea. Injini ikiwa imezimwa tukajaribu gia zote, moja baada ya nyingine, kisha tukateremka Ngomo bila abiria. Kabla ya kona ile dereva alikanyaga klachi, akaachia, akaongeza mafuta, akakanyaga tena. Ya pili ikaingia. Injini ikanguruma, gari likapunguza mbio bila yeye kugusa breki, tukapita taratibu mbele ya mwamba uliokuwa bado na rangi yetu ya kijani.