Mgeni Aliye wa Damu Yetu na Malaria ya Likizo

Familia ya kijijini Mchukwi, wilayani Kibiti, Tanzania, ikimpokea mwanafunzi wa udaktari kutoka Ulaya, aliyekuja kujifunza katika hospitali ya misheni, humhangaikia mno. Maji yake ya kunywa yanachemshwa, chandarua chake kinakaguliwa, na jua likizama anakumbushwa kuvaa nguo za mikono mirefu. Familia hiyohiyo ikimpokea binti yao anayeishi Leicester, Uingereza, amekuja likizo ya Desemba na wanawe waliozaliwa huko, inatandika mkeka uani na soga zinakwenda hadi usiku wa manane. Hawa si wageni, wanasema, hapa ni kwao.

Mbu hajui ukoo. Uingereza, wengi wa wanaorudi na malaria kutoka safarini ni watu wenye asili ya Afrika waliokwenda kuwatembelea ndugu zao. Watalii wa mbugani ni wachache kuliko hao, na sababu haina fumbo: mtalii huja na vidonge vya kinga na dawa ya kupaka, mwana wa nyumbani huja na mabegi ya zawadi.

Mtu mzima aliyekulia Kibiti ameugua malaria mara nyingi tangu utotoni, na mwili wake umejifunza kupambana na vimelea. Anaweza kuwa navyo kwenye damu asihisi kitu, au aumwe kichwa siku mbili na kuendelea na shamba lake. Lakini kinga hiyo si ya kudumu. Inahitaji kuchokozwa mara kwa mara na mbu wenye vimelea. Miaka kadhaa ya kuishi Leicester inaipunguza sana. Wale watoto waliozaliwa huko hawajawahi kuwa nayo.

Ndiyo maana uzoefu wa shangazi unaweza kupotosha. Akisema "hiyo homa ya kawaida tu, meza panadoli upumzike", anasema kweli juu ya mwili wake mwenyewe. Kwa asiye na kinga, kimelea aina ya falsiparamu, ambacho ndicho kinacholeta sehemu kubwa ya malaria nchini, kinaweza kuleta malaria kali ndani ya siku moja au mbili tangu homa ianze: kuchanganyikiwa, degedege, kutapika kila kitu, kupumua kwa shida. Homa ya mgeni ipimwe siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka kinataka tone la damu ya kidoleni na takriban robo saa. Wanaoikumbuka klorokwini waisahau: Tanzania iliacha kuitegemea mwaka 2001 baada ya vimelea kuizoea, na tangu 2006 dawa ya kwanza kwa malaria isiyo kali ni mseto. Malaria kali ni ya sindano, tena hospitalini.

Malaria imepungua, ni kweli. Kati ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa nchini, waliokutwa na vimelea walikuwa asilimia 18 mwaka 2008 na kama asilimia 8 mwaka 2022. Ila wastani wa taifa haumlindi anayelala jirani na mashamba ya mpunga ya Rufiji, ambako maji yaliyotuama ndiyo mazalia ya mbu.

Kuna jambo jingine katika ukarimu wetu linaloniudhi kidogo. Mgeni hupewa kitanda kizuri pamoja na chandarua chake, kisha watoto wa nyumba wanalala chini bila chochote. Anayetuma nauli ya kuwapokea uwanja wa ndege anaweza kutuma pia pesa ya chandarua cha ziada. Vidonge vya kinga navyo vina gharama kwa familia ya watu watano, hasa vile vinavyoanzwa siku moja au mbili kabla ya safari na kuendelezwa siku saba baada ya kurudi. Doksisaiklini huwa nafuu zaidi, lakini humezwa wiki nne baada ya kurudi, na haiwafai wajawazito wala watoto wadogo. Daktari wa huko waliko ndiye wa kuwachagulia.

Hatari haiishii uwanja wa ndege. Kimelea kikiingia mwilini hujificha kwenye ini na kuzaliana humo kimya; homa huja baada ya siku 7 au zaidi, mara nyingi ndani ya mwezi. Aliyeumwa na mbu usiku wa kuaga ataugulia Leicester mwezi Januari, wakati kila mtu anakohoa, na ni rahisi aambiwe ana mafua. Kwa hiyo ndugu wa Mchukwi wanaopiga simu kuuliza kama wamefika salama waulize pia kuhusu homa, kwa miezi mitatu hivi. Mgonjwa atamke mwenyewe kwa daktari kwamba ametoka Tanzania na anataka kupimwa malaria leo, na kipimo cha kwanza kisipoonyesha kitu huku homa ikiendelea, kirudiwe ndani ya siku moja.