Vita vya Jirani: Msumbiji Ilivyoonekana Kutoka Ruvuma

Utangulizi

Kitabu cha nabii Obadia ndicho kifupi kuliko vyote katika Agano la Kale, nacho kina shitaka moja juu ya Edomu kuhusu siku ya msiba wa Yerusalemu. Shitaka hilo lina ngazi (aya 11-14). Kwanza Edomu alisimama kando. Kisha akafurahia. Kisha akaingia kuteka mali. Mwishowe akasimama penye njia panda kuwazuia waliokimbia. Makala hii yajaribu kulisoma neno hilo kutoka Namtumbo, wilaya inayopakana na Msumbiji upande wa kusini. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyodumu huko tangu 1977 hadi 1992 vilikuwa vita vya jirani. Je, sisi tulisimama wapi?

Jinsi Tanzania ilivyoviona vita

FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962, ikaanza vita vya ukombozi mwaka 1964, na Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975. RENAMO iliundwa kwa msaada wa idara ya ujasusi ya Rhodesia, na baada ya uhuru wa Zimbabwe mwaka 1980 ikalelewa na utawala wa makaburu wa Afrika Kusini. Ndiyo maana Tanzania, mojawapo ya Nchi za Mstari wa Mbele, haikuviona kuwa vita vya ndugu wawili, bali uvamizi wa ubaguzi wa rangi kwa mkono wa Mwafrika. Ilipeleka askari wake kuisaidia serikali ya Msumbiji, nao wakarudi mwaka 1988. Wengine hawakurudi wakiwa hai.

Mtazamo huo ulikuwa kweli, lakini haukuwa kweli yote. Ndani ya Msumbiji yalikuwapo manung'uniko: wakulima walihamishiwa kwa nguvu katika vijiji vya pamoja, watawala wa jadi walivuliwa madaraka, na makanisa yalinyang'anywa shule na hospitali. Hayo hayahalalishi hata kidogo ukatili wa RENAMO, iliyochoma vijiji, shule na zahanati. Hata hivyo, anayeona mkono wa mgeni peke yake hatasikia kilio cha mwenyeji.

Penye njia panda

Yakadiriwa kwamba watu wapatao milioni moja walikufa kwa silaha, njaa na maradhi. Zaidi ya milioni moja walikimbilia Malawi peke yake. Mkoa wa Ruvuma ulikuwa umekwisha kujifunza kazi ya kupokea wageni. Wakati wa vita vya ukombozi, makazi ya Muhukuru na Lundo yaliwatunza Wamsumbiji chini ya uangalizi wa TCRS, shirika lililoanzishwa mwaka 1964 na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wakimbizi wa vita vya pili walipokelewa Likuyu, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Namtumbo. Penye njia panda, basi, Ruvuma haikuwa Edomu.

Tuzingatie hapa tofauti iliyo muhimu kwa mwanafunzi wa theolojia. Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 16, lakubali kwamba serikali yaweza kupigana vita vya haki, na kwa hiyo yaweza kuchagua upande. Lakini anayempokea mkimbizi hamwulizi amemkimbia nani. Mmoja alikimbia RENAMO, mwingine alikimbia jeshi la serikali, nao wote wawili walihitaji shuka, unga na mbegu.

Kwa sababu iyo hiyo, amani ilitafutwa na wale walioweza kusema na pande zote. Makanisa ya Msumbiji yaliihimiza serikali yao izungumze na adui wakati neno hilo lilipochukiwa. Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira alikuwa miongoni mwa wasuluhishi, pamoja na Jumuiya ya Sant'Egidio, hata mkataba ukatiwa sahihi Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Tangu 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, likiongozwa na maono ya Askofu Mwanglikana Dinis Sengulane, lilipokea bunduki na kuwapa watu majembe, baiskeli na cherehani.

Hitimisho

Swali la Obadia limerudi. Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado inawaka moto, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilishambuliwa. Serikali ina wajibu wa kuulinda mpaka, wala Kanisa halipaswi kuudharau wajibu huo. Lakini mwaka 2021 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilieleza masikitiko kwamba maelfu ya watu waliokimbia Cabo Delgado walirudishwa kutoka Tanzania. Hofu ya kweli yaweza kutusogeza mpaka njia panda pasipo sisi kutambua.

Mchungaji wa mpakani hana jeshi wala meza ya mazungumzo. Ana mimbari, na ana usharika wenye kumbukumbu ya Likuyu. Awakumbushe washarika kwamba Edomu hakuhukumiwa kwa kuanzisha vita. Alihukumiwa kwa namna alivyomtendea ndugu aliyefika kwake akikimbia.